Tajiri kanipa kazi ya kukaa, na kukaa ndiko kunakoniumiza. Nisaini?

Shikamoo Anti,

Mimi ni baba wa watoto watatu, nimeajiriwa kwenye ghala la nafaka hapa Kibaigwa. Kazi yangu ni kupakia, kushusha na kupanga mzigo. Gunia la kawaida ni kilo 100, lumbesa inapita hapo, na msimu wa mavuno hakuna anayekuuliza mgongo wako unaonaje. Maumivu yalianza taratibu sehemu ya kiunoni. Msimu uliopita mgongo ukagoma kabisa.

Nilitibiwa Dodoma mjini. Eksirei haikuonyesha pingili iliyovunjika. Mtaalamu wa fiziotherapia alinikataza kushinda kitandani, akanipa mazoezi ya tumbo na mgongo, akasisitiza nitembee kila siku, na nikisikia maumivu nisidhani kila mara kuna kitu kimeharibika humo ndani. Aliniuliza kama nakufa ganzi sehemu za siri au mkojo unanitoka bila kujua. Hayo yakitokea nikimbilie hospitali siku hiyohiyo. Nashukuru Mungu hayapo. (Mtaani ushauri ni mwingine: huyu anasema figo, yule ngiri, na shemeji yangu kaniletea mizizi ya nguvu za kiume ambayo sikuiomba.)

Sasa daktari kaniruhusu kurudi kazini, ila nisibebe mizigo mizito kwanza. Tajiri hakukataa. Kaniambia, "Kijana wangu, nimekuonea huruma, utakaa mizani." Kwake yeye kukaa ni kupumzika. Anti, kukaa ndiko kunakoniua! Kutembea toka nyumbani hadi sokoni naenda vizuri tu, lakini nikipanda Kosta kwenda Dodoma, hatujafika Chamwino nimeshaanza kuegemea ubavu, natamani nimwombe konda nisimame. Pale mizani kuna stuli ya mbao isiyo na egemeo, na magari yakishapanga foleni karani hanyanyuki mpaka jioni.

Kazi ninayoona naiweza ni ya tali. Wa tali anasimama, anatembea kati ya gari na ghala, anatia alama kila gunia linapopita. Lakini tali anafanya mtoto wa dada yake tajiri, na mambo hayo unayajua.

Halafu kuna karatasi ya kazi hiyo ya mizani, ninayotakiwa kuisaini. Mshahara ni wa karani, mdogo kuliko wangu, posho ya upakiaji inafutwa, na chini kabisa wameandika kwamba "nimeomba mwenyewe kubadilishiwa kazi kwa hiari yangu". Sikuomba.

Jirani yangu aliwahi kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Anasema sheria inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mimi niko kwenye nusu, na zinayoyoma. Anasema nisisaini, wakinibana niende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tena kanitajia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwamba unahusika na magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Lakini mimi sikuanguka, hakuna siku naweza kuitaja kwamba ndiyo niliyoumia, na kazini hakuna aliyeandika taarifa yoyote. Nitaanzia wapi?

Mke wangu anataka nisaini. Ada za watoto hazisubiri tume, na mkataba wangu unaisha mwakani. Tajiri akiudhika ndiyo basi. Simlaumu mke wangu.

Wenzangu wa ghalani nao wana lao. Juzi mmoja kaniona na ndoo ya maji, akapaza sauti, "Kumbe mgongo wenyewe unachagua mzigo!" Watu wakacheka. Haujui mzigo, unajua siku: leo nachota maji, kesho kuinama kufunga kamba za viatu ni shughuli.

Kwa hiyo Anti, pamoja na wasomaji mliopitia haya: nisaini nilinde ajira, au nikatae sentensi ile moja tu na kukubali mengine? Je, nikimwomba daktari aandike kwamba kukaa muda mrefu nako hakunifai, tajiri ataona namtunishia misuli? Na kama kuna aliyewahi kudai fidia ya mgongo ulioharibika polepole bila ajali, anieleze alianza na karatasi gani. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi kujibu.

Baba wa watatu, Kibaigwa