Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Bao, Unguja

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum.

Taarifa hii ilikuwa niisome mkutanoni. Mkutano wa kwanza tulikuja watu 14, wa pili 17, na katiba inataka 31 kati ya wanachama 61 tulio nao. Sikuona maana ya kukodi viti mara ya tatu. Nimeiandika yote, na kila mmoja ataipata kwenye simu yake, aliyelipa ada na asiyelipa.

Mwaka huu tumezika wenzetu wawili. Mmoja wao ndiye aliyetuchongea bao letu kubwa la mfenesi; ukipitisha kidole ndani ya nyumba, lile shimo kuu la bao, unaigusa alama ya patasi yake hadi leo. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Chama kilihudhuria maziko na hitima, na ubani ulipelekwa.

Shughuli za kawaida mnazijua. Baraza la Jumapili baada ya Alasiri limeendelea. Watoto wa Jumamosi wamefundishwa, na saba kati yao wanajua kunamua, yaani kuingiza baoni kete za mkononi, hatua ya kwanza ya mchezo, bila kusimamiwa. Ligi ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, imechezwa na washiriki 32. Mabao mawili mapya yamechongwa. Safari ya Pemba haikuwezekana kwa sababu ya nauli.

Upande wa fedha, tulianza mwaka na shilingi 46,500. Ada ziliingia 739,000, viingilio vya ligi 160,000, na mchango wa mwanachama mmoja aliye Maskati 300,000, nao nitauzungumza hapo chini kwa kuwa umesemwa sana. Zilitoka 240,000 za seremala, 312,000 za bando, 85,000 za stendi mbili za simu pamoja na taa, 198,000 za kahawa, kashata na halua, 250,000 za zawadi na 96,000 za umeme. Zimebaki 64,500. Risiti zote anazo mhazini na daftari liko wazi. Hadi ninapoandika hakuna aliyekwenda kuliangalia, ingawa maneno juu ya fedha nayasikia mpaka sokoni.

Ada yetu ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 23. Waliolipa vipande vipande ni 17, na jumla yao ni 187,000. Waliobaki 21 hawakutoa hata shilingi. Tulitakiwa tukusanye 1,464,000, tumepata nusu tu. Naomba kila mtu alitazame hili kwa moyo safi. Mtu anakaa barazani tangu Alasiri, anacheza mabao manne, anakunywa kahawa ya chama, na mhazini akifungua daftari anaondoka bila hata kuaga. Nimepita nyumba kwa nyumba mara mbili mwaka huu, kwa miguu yangu, mara moja mvua ya masika ikininyeshea. Kuna nyumba nilizoambiwa mwenyewe hayupo, na kobazi zake ziko mlangoni.

Na jambo moja liandikwe wazi: wanachama wetu walio nje ni tisa, watano Maskati, mmoja Dubai na watatu Uingereza. Wote tisa wamelipa mwaka mzima. Maana yake, katika sisi 52 tulio hapa, tuliomaliza ada ni 14. Wanaosema bao la mtandaoni linakula fedha za chama waanze na hesabu hiyo.

Sasa niingie kwenye nusu fainali ya ligi, iliyoleta maneno.

Kwa faida ya wasiohudhuria Jumatano, siku ya bao la mtandaoni, nieleze tunavyocheza. Kila mchezaji ana bao lake mbele yake, na simu imesimama juu ya bao, video imewashwa. Mashimo ya mbele yamepewa namba 1 hadi 8, ya nyuma 9 hadi 16, kila mtu akihesabu kutoka kushoto kwake. Utaratibu huo niliutunga mimi miaka mitatu iliyopita, na sijawahi kuomba shukrani. Mchezaji anataja shimo na upande, anatembeza kete zake kwenye bao lake, na mwenzake anafanya vilevile kwenye bao la kwake. Katibu anaandika kila zamu daftarini. Tunaanza saa mbili usiku, ambayo kwa Maskati ni saa tatu, na kwa Uingereza majira ya joto ni saa kumi na mbili jioni, mtu ndiyo kwanza anatoka kazini. Kwa namna hii tumecheza mwaka mzima na ugomvi ulikuwa mdogo mdogo, wa kumalizwa palepale.

Usiku ule alikutana fundi wetu, mchezaji hodari wa hapa mjini, na ndugu yetu wa Maskati, yuleyule wa ule mchango. Barazani tulikuwa watu ishirini na kitu. Namua ilikwisha salama, mtaji, hatua ya pili kete zote zikiwa baoni, ukaanza, na fundi wetu ndiye aliyekuwa na bao zuri. Hilo sijawahi kulikanusha. Zamu ya 34 alisomba kete za shimo la 11, akaenda mzunguko mrefu, na wakati bado anatembeza picha ya Maskati ikaganda. Sauti ilikuwepo. Iliporudi, fundi wetu akasema, "Imekula." Maskati akajibu, "Kwangu imelala," yaani kete ya mwisho imeangukia shimo tupu na zamu imekwisha. Nikawaambia wote wawili waondoe mikono. Tukahesabu kete shimo kwa shimo, simu zikiwa wazi. Hapa 64 kamili. Kule 64 kamili. Lakini mashimo mawili yalitofautiana kete moja moja, na kwa tofauti hiyo bao moja linasema umeshinda na jingine linasema umelala.

Watu wakapiga kelele kwamba bao la barazani ndilo la kweli kwa sababu lina mashahidi ishirini. Nawaheshimu, lakini mashahidi hao walikuwa wakitazama zamu ya 34. Nani aliyekuwa akihesabu zamu ya 15? Nusu yao walikuwa kwenye kahawa.

Kesho yake baada ya Isha niliwaita nyumbani kwangu katibu na mafundi wawili wasio na upande. Tukatandika bao la tatu, tukaucheza mchezo mzima upya kutoka daftarini, zamu baada ya zamu. Kazi hiyo ilichukua saa mbili na nusu, na chai ilikuwa yangu. Tulipofika zamu ya 29 daftari linasema Maskati alianza na shimo la 6, kulia. Kwenye bao letu la tatu shimo la 6 lilikuwa na kete moja. Nyinyi nyote mnajua kwamba mtaji hauanzwi na kete moja. Katibu akasema labda tumekosea sisi. Tukarudi mwanzo, tukacheza tena taratibu, mmoja akisoma, mmoja akitembeza, wawili wakihesabu kwa sauti. Tukafika palepale: shimo la 6, kete moja, peke yake kama ilivyokuwa mara ya kwanza.

Ndugu zangu, maana ya jambo hili ni kubwa, na ndilo ambalo halikusemwa mitaani. Kosa halikuzaliwa pale picha ilipoganda. Lilizaliwa kabla ya zamu ya 29, ama kwenye daftari, ama kwenye bao moja, ama kwenye yote mawili, na usiku ule hakuna aliyelishtukia, si fundi wetu, si Maskati, si katibu, si mimi. Mchezo ambao hujui ulipotoka njiani huwezi kumpa mtu ushindi wake. Ningempa fundi wetu, ningekuwa nimebahatisha. Ningempa Maskati, vilevile. Nikaamua urudiwe tangu mwanzo, Ijumaa baada ya Isha.

Fundi wetu alikataa. Alisema hawezi kumfunga mtu mmoja mara mbili katika mechi moja. Namwelewa, ni mtu wa heshima, nimecheza naye tangu nilipokuwa sina mvi hata moja. Nilimfuata nyumbani Alhamisi usiku, nikamfuata tena Ijumaa baada ya sala. Ijumaa hiyo usiku tulitandika bao, Maskati akawa tayari kwenye simu, na tukamsubiri hadi saa nne. Hakutokea. Kanuni za ligi zinasema asiyefika kwa saa nzima amepoteza. Niliifuata kanuni, na ningeifuata hivyohivyo kama aliyekosekana angekuwa mwanangu.

Yamesemwa mengi. Imesemwa kwamba nimenunuliwa kwa zile 300,000. Fedha hizo ziliingia Rajabu. Ligi ilianza Mfungo Mosi, na nani akutane na nani iliamuliwa kwa kura, mtoto wa Jumamosi akichota karatasi kwenye bakuli mbele ya macho yenu. Rajabu nani alijua kwamba wawili hawa watakutana nusu fainali? Imesemwa pia kwamba nawapenda walio nje kuliko walio nyumbani. Ndugu yetu huyo wa Maskati alicheza fainali akafungwa, na kombe liko hapa, kwenye kabati la fundi mwingine wa hapahapa. Aliponipigia baada ya kufungwa alimsifu mshindi, kisha akauliza kama watoto wa Jumamosi wana kete za kutosha, maana kwa mdogo wake shamba komwe, zile mbegu tunazochezea kama kete, ziko nyingi.

Nakubali jambo moja. Uamuzi wa kurudia niliuandika saa tano usiku na kuutuma kwa wanachama wote kabla wajumbe watatu wa kamati hawajanijibu. Nilihofia kwamba tukilala bila uamuzi, asubuhi tutaamka na ugomvi. Ningesubiri hadi Alfajiri. Kwa hilo nawaomba radhi wajumbe hao watatu. Uamuzi wenyewe siubadilishi.

Imeletwa barua yenye saini 11 ya kutaka niondoke. Nimeipokea, na katibu ameiweka kwenye faili. Wanane kati ya waliotia saini wanadaiwa ada ya zaidi ya miezi sita, na kifungu cha katiba kuhusu haki ya kupiga kura mnakijua. Wote kumi na mmoja wakifika mkutanoni wakiwa wamelipa, nitakuwa wa kwanza kuwapa nafasi ya kusema. Huenda na akidi ikapatikana siku hiyo.

Kuanzia mwezi uliopita, kila zamu ya tano mchezo wa mtandaoni unasimama. Kila upande unasoma kete zake kwa sauti, shimo la 1 hadi la 16, na bao linapigwa picha. Mchezo umekuwa mrefu, lakini tangu tuanze hivyo tumekamata makosa manne mapema, na yote yamesahihishwa bila mtu kupandisha sauti.

Wapo wanaotaka Jumatano ifutwe kabisa, wakisema bao ni la barazani, la jicho kwa jicho na maneno ya kumtia mwenzio presha. Mimi nimelelewa barazani, sihitaji kuambiwa. Lakini mmoja wa wazee wetu wa Uingereza hajakanyaga Unguja kwa miaka mingi kwa sababu ya maradhi. Mchezo wake wa kwanza aliniomba niishushe simu karibu zaidi na bao. Nikadhani haoni vizuri. Akasema anaona sawasawa, anataka kusikia komwe zinavyogonga mbao. Tukakaa kimya barazani, fundi akatembeza safari ndefu taratibu, kete moja moja, na mzee kule akawa anahesabu kwa sauti pamoja nasi. Sitakuwa mwenyekiti wa kuifunga simu ile.

Kuhusu mahudhurio, ninasikitika sana. Usiku wa fainali tulikuwa zaidi ya hamsini, wengine wamesimama barabarani. Jumapili iliyofuata tulikuwa tisa. Jumamosi, siku ya watoto, mara nyingi mwalimu ni mimi na katibu tu, ilhali tuna mafundi wasiopungua kumi na wawili wanaoweza kukaa na mtoto nusu saa. Mtoto hajui tofauti ya kichwa na kimbi, mashimo ya pembeni ya safu ya mbele, mpaka aonyeshwe kwa mkono, na mikono yangu ni miwili. Siku ya kuchonga mabao mapya niliomba watu sita wa kubeba magogo. Walikuja wawili, nami nikawa wa tatu, na mgongo wangu umenikumbusha hilo kwa wiki mbili.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, inshallah, kupata mahali petu pa kudumu, maana baraza hili ni la watu na siku yoyote tunaweza kuombwa tuondoke. Mazungumzo na mwenye nyumba mmoja yameanza. Tunatarajia pia kuirekebisha katiba iingie michezo ya mtandaoni, kwa sababu iliandikwa wakati simu ilikuwa ya kupigia tu. Safari ya Pemba tutaiangalia tena hali ikiruhusu. Kama kuna kijana anayejua kutengeneza programu ya bao yenye kanuni zetu kamili, namua na mtaji, nyumba na yote, aje tuzungumze. Nimeona kadhaa kwenye simu na sikuridhika.

Nawashukuru katibu na mhazini, ambao wamefanya kazi bila malipo na kutukanwa bila kosa. Namshukuru mke wangu kwa chai ya usiku ule na nyingine nyingi. Na fundi wetu aliyesusa, kiti chake cha Jumapili hakijakaliwa na mtu. Nimewakataza.

Mkutano mkuu nitauitisha tena Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya Alasiri. Mhazini atakuwa palepale na daftari lake tangu saa tisa.

Wenu,
Mwenyekiti