Mhariri, tupeni siasa ya upande wetu, na iwe kwa Kiswahili

Kwako Mhariri,

Salaam. Mimi ni msomaji wako wa miaka mingi, mkaazi wa Kisauni hapa Mombasa, na nina ombi moja tu. Twataka ukurasa wa siasa unaochambua mambo kutoka upande wa mtu wa chini, kwa Kiswahili, kila wiki bila kukosa. Sio nani kakutana na nani Karen wala nani atakuwa mgombea mwenza 2027, hizo twazipata kuanzia alfajiri mpaka usiku redioni, kwa TV, kwa status za watu, zimejaa kila mahali. Nasema uchambuzi unaoanza na mfuko wa mwananchi, unaouliza hii pesa imeenda wapi, hii sheria itamuumiza nani na kumnufaisha nani, na mimi msomaji naweza kufanya nini kabla haijapita.

Watu wa kuandika hivo wapo Kenya na wanaandika vizuri mno. Jarida la mtandaoni The Elephant lipo, Africa Uncensored ya kina John-Allan Namu ipo tangu 2015 na kazi yao ya kufukua kashfa kila mtu anaijua, shirika la Mzalendo wanafuatilia nani kasema nini bungeni na nani hajafungua mdomo mwaka mzima. Hawa wote nawasoma na nawaheshimu sana. Lakini karibu kila kitu ni Kiingereza, tena Kiingereza cha chuo kikuu, cha mtu aliyekaa darasani miaka kumi na sita, na yule ambaye habari yenyewe inamhusu, fundi, mvuvi, makanga, mama mboga, haimfikii. Inamfikia vipande vipande, mara nyingi ishapotoshwa njiani.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipotoka, pale maskani kwetu kulikuwa na kijana wa chuo aliyerudi likizo, ana simu ameudaunilodi, akawa anausoma kifungu kwa kifungu anatutafsiria. Mkate, VAT asilimia 16. Gari, asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Watu wananung'unika tu. Alipofika kwa mafuta ya kupikia, ushuru asilimia 25, mama anayeuza viazi karai hapo kando akaacha karai yake akasogea, akamwambia hebu rudia hapo mwanangu. Karudia. Akaanza kupiga hesabu kwa sauti, jerikeni nanunua hivi, ikipanda robo itakuwa hivi, kiazi nauza hivi, nikipandisha watoto wa shule hawanunui, nikipunguza ukubwa watasema nawaibia. Dakika mbili hazikuisha ameshauelewa ule mswada kuliko wabunge wengi waliokuwa wanaupigia kura, na hakuna aliyemhubiria, alisomewa tu kwa lugha yake. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo liko kichwani mwangu: na hizi pesa zote wanazitakia nini?

Hapo yule kijana alinyamaza, na sisi sote tulinyamaza, manake hakuna aliyekuwa na jibu. Na jibu lilikuwepo! Serikali ilikuwa inatafuta shilingi bilioni 346 zaidi, na sehemu kubwa ya shida ni madeni. Ile Eurobond, yaani deni la hatifungani linalokopwa kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyokopwa 2014 ilikuwa inaiva Juni hiyo hiyo ya 2024, na ili kuilipa serikali ikakopa tena dola bilioni 1.5 mwezi wa pili kwa riba ya karibu asilimia 10, na juu yake kulikuwa na mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, wa tangu 2021 wenye masharti ya kuongeza ushuru. Kwa hivo kuna njia ya moja kwa moja kutoka ofisi za watu wenye hatifungani London mpaka kwenye karai ya yule mama, na mtu akimchorea ile njia kwa Kiswahili ataiona, tena ataifuata mpaka mwisho. Wachumi wa upande wa wananchi walikuwa washaandika haya yote. Kwa Kiingereza.

Yaliyofuata twayajua. Tarehe 18 Juni wakaondoa mkate na mafuta na gari, vijana wakasema haitoshi, tarehe 25 bunge likavamiwa na risasi zikalia, tarehe 26 rais akakataa kutia saini. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, kufikia tarehe mosi Julai ilikuwa imehesabu vifo 39. Nataka wahariri wakumbuke kitu kimoja kuhusu wiki zile, kwamba kazi ya kuufafanua mswada kwa Kiswahili na Kikuyu na Kijaluo na lugha nyengine ilifanywa na vijana kwa TikTok, kwa bando zao wenyewe, usiku, bila malipo. Watoto wetu walifanya kazi ya magazeti. Nawashukuru mno, lakini kazi ya kujitolea ina mwisho, bando huisha, watu huchoka, wengine walitafutwa wakajificha.

Na mambo hayakuisha. Oktoba mwaka huo huo SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, ikaanza, asilimia 2.75 ya mshahara, na kwa asiye na mshahara chini kabisa ilikuwa shilingi 300 kwa mwezi lakini akaambiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Nendeni mkawaulize vijana wa bodaboda stendi yoyote ya hapa Kisauni, mtu anayeishi kwa pesa ya siku atoe wapi elfu tatu na mia sita kwa siku moja? Hili lilikuwa suala la siasa, la nani abebe mzigo wa matibabu ya nchi, lakini kwenye habari lilipita kama suala la kujisajili na kompyuta kukwama. Yale makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara nayo vivyo hivyo.

Najua kwa nini magazeti yanasita, mhariri, sijazaliwa jana. Serikali ndiyo mtangazaji mkubwa kuliko wote na ikifunga mfereji mishahara inayumba. Machi 2024 Wizara ya Habari iliagiza mashirika ya serikali yapeleke matangazo ya redio na TV kwa KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake, ujumbe ule ulieleweka na kila mwenye stesheni. Januari 2018 Citizen, NTV na KTN News zilizimwa siku kadhaa kwa sababu ya kile kiapo cha Raila cha kujiapisha rais wa wananchi. Miezi miwili baadaye waandishi wa safu wanane wakajitoa kwa pamoja katika magazeti ya Nation wakisema uhuru wa uhariri umepotea, mmoja wao Padre Gabriel Dolan ambaye sisi watu wa Mombasa twamjua kwa kutetea haki za maskini na mambo ya ardhi. Na 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa amri maandamano yasionyeshwe moja kwa moja, mitambo ya stesheni ikazimwa mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha ile amri. Kwa hivo sisemi ni rahisi. Nasema wasomaji wenu wako tayari kusimama na gazeti linalosimama nao, na wasomaji pia ni nguvu.

Tena uandishi wa aina hii kwa Kiswahili si kitu kigeni, na hapa Pwani ndio kwao. 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika karatasi inaitwa Kenya Twendapi?, kwa Kiswahili, akiuliza serikali ya Kenyatta inaipeleka wapi nchi baada ya uhuru, ikasambazwa mkono kwa mkono. Akafungwa miaka 3. Fikiria uzito wa ile karatasi mpaka dola iliona lazima imtie jela aliyeiandika! Iliogopwa kwa sababu kuli wa bandarini aliweza kuisoma mwenyewe bila mkalimani.

Na Pwani hii ina mambo ya kuandikwa mpaka wino ukauke. Chukua SGR. Serikali ilikopa China zaidi ya dola bilioni 3 kwa reli ya Mombasa mpaka Nairobi, halafu mizigo ikalazimishwa ipande treni, Changamwe na Miritini yadi za malori zikafungwa, madereva na makanika wakakaa nyumbani, mahoteli ya barabarani mpaka Mtito Andei yakakosa wateja, na mkataba wenyewe ulikuwa siri. Wanaharakati wa Okoa Mombasa na wenzao wakaenda mahakamani kudai mkataba uwekwe wazi, Mei 2022 Mahakama Kuu ikasema kuuficha ni kuvunja haki ya kupata habari, na Novemba mwaka huo Murkomen, waziri wa uchukuzi wakati huo, akatoa sehemu yake. Ushindi mkubwa ule, umeletwa na wananchi. Lakini niambie, ni Mswahili gani wa kawaida amewahi kusomewa kilichomo?

Au Lamu. Walitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe megawati 1,050 pale Kwasasi, mji wa urithi wa dunia uko hapo hapo jirani, wavuvi ndio wangekuwa wa kwanza kuumia. Save Lamu na wenzao walipigana miaka, wakaenda nyumba kwa nyumba na kisiwa kwa kisiwa kueleza ni kitu gani kinakuja, na 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni, sababu kubwa mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Unamshirikisha vipi mvuvi wa Pate kwa ripoti ya mamia ya kurasa kwa Kiingereza? Waliomshirikisha kweli ni wale waliokaa naye chini wakamfafanulia kwa lugha yake.

Basi kwa sasa, mpaka magazeti yaamke, mimi nafanya hivi na nawaambia wasomaji wenzangu. Hotuba ya mwanasiasa naiacha ipite, natafuta karatasi iliyo nyuma yake. Mswada wenyewe uko kwa tovuti ya bunge, hata Hansard, ile kumbukumbu ya yanayosemwa bungeni, iko hapo, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zinaeleza kaunti yako imekula nini, isome hata ukurasa mmoja tu wa kaunti yako. Nikiona habari moto mtandaoni nauliza kwanza nani kaipika, sababu 2021 watafiti wa Mozilla walionyesha jinsi watu walivyokuwa wakilipwa kuposti hashtegi za kuwashambulia majaji na wanaharakati wakati ule wa BBI, mpango wa kubadilisha katiba, na hata wanaojiita watetezi wa wanyonge wengine wako kwa payroli ya mtu. Anayenitetea kweli huniambia chanzo chake ni kipi, na huwa hageuki upande wake wa siasa ukiingia serikalini. Hiki kipimo cha mwisho kimewaangusha wengi niliokuwa nikiwafuata.

Na mtu asibaki kusoma tu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi yoyote ya umma kuomba taarifa, kuomba ni bure, na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21, wakikataa unakwenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi. Bunge likiomba maoni kuhusu mswada andika, hata nusu ukurasa, tena andika kwa Kiswahili, kifungu cha 7 cha katiba kinasema Kiswahili ni lugha rasmi kama Kiingereza. Mkiwa kumi maskani andikeni barua moja mtie saini zenu kumi.

Sasa mhariri, ombi langu lisipotee kwa maneno mengi. Ukurasa mmoja, hata nusu kuanzia. Kila mswada mzito uelezwe kwa Kiswahili unachosema, utamgusa nani kwa shilingi ngapi, na siku ya mwisho ya kupeleka maoni ni lini, hiyo tarehe iandikwe kwa herufi kubwa. Waandishi wasitoke Nairobi peke yake, kuna walimu Lamu, kuna watu wa vyama vya wafanyikazi bandarini, kuna akina mama wa mtaa wa Owino Uhuru hapa Mombasa waliopambana na sumu ya madini ya risasi miaka na miaka mpaka wakashinda mahakamani, hawa wana uchambuzi kuliko wachambuzi tunaowaona kila jioni wakizunguka meza ile ile. Na mkiwaandikisha muwalipe, msiseme ni maoni ya msomaji. Kibali cha kutafsiri zile makala nzuri za Kiingereza nacho kiombwe, naamini wenyewe watafurahi.

Swali langu la kwanza la ukurasa huo nalituma leo, ili msije mkasema hakuna cha kuanzia. Ile sehemu ya mkataba wa SGR iliyotolewa Novemba 2022, tusomeeni kifungu kwa kifungu: ikifika siku Kenya imeshindwa kulipa, bandari yetu iko wapi ndani ya yale maandishi, kesi itaamuliwa katika nchi gani na kwa sheria ya nani, na nani alitia saini kwa niaba yetu.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa