DVD Imegoma? Tuambie Imegomea Wapi

Mteja akifika hapa dukani Ngamiani akalalamika kwamba kompyuta yake ya nyumbani haichomi CD, huwa tunamuuliza kwanza imegomea wapi. Ilikataa kuanza, ilikatikia njiani, au ilimaliza vizuri halafu deki ndiyo ikakataa? Jibu la hapo linatusaidia kuliko ile namba ndefu ya hitilafu inayotokea kwenye skrini.

Tuanze na deki kukataa, maana ndilo linaloleta watu wengi, hasa msimu wa harusi. Video imechomwa, kompyuta imesema tayari, laptopu inaisoma bila shida, lakini ikifika kwa bibi Pangani deki inaitema. Usikimbilie kununua DVD nyingine. Ukiingiza diski tupu kwenye Windows na kuanza kuhamisha mafaili, unaulizwa utaitumiaje: kama flashi, au kwenye deki ya CD na DVD. Wengi hupitisha chaguo la flashi kwa sababu ndilo limetangulia. Diski ya namna hiyo ni nzuri kwa kuongeza mafaili kidogo kidogo kwenye kompyuta, ila deki nyingi za sebuleni haziielewi. Chagua lile la deki.

Hata hapo bado kuna mtego. Kuhamisha faili la MP4 kutoka kwenye simu kwenda kwenye diski hakuifanyi kuwa DVD ya video. Deki ya zamani inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, ndani yake video ya MPEG-2, na kwa televisheni za kwetu ni vizuri iwe ya mfumo wa PAL. Kazi hiyo inafanywa na programu ya kutengeneza DVD, kwa mfano DVDStyler ambayo haina malipo. Deki zenye tundu la USB nyingi husoma MP4 moja kwa moja. Kama ya bibi ni ya hivyo, sisi wenyewe tungekushauri umpelekee flashi, ingawa biashara yetu ni kuchoma diski.

Kuna wanaodhani wamepunjwa kwa sababu boksi limeandikwa GB 4.7 na Windows inaonyesha 4.37. Hujapunjwa: kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. CD nayo ni MB 700, au dakika 80 za muziki. Harusi ya saa tatu ukiisokomeza kwenye DVD moja ya kawaida, nyuso za watu zinakuwa vibokisi vibokisi. Sisi huigawa diski mbili, sehemu ya ukumbini ikiwa na diski yake peke yake.

Ikigoma mwanzoni kabisa, mara nyingi tatizo ni leza. Kabla ya kuandika chochote, draivu (kile kifaa cha kompyuta kinachosoma na kuchoma diski) hujipima nguvu ya leza kwenye sehemu maalumu ya diski karibu na tundu la katikati, na ikishindwa kupata kipimo inakataa kuanza. Jaribu diski ya kampuni nyingine kwanza, kwa kuwa zile za bei chee zinazouzwa bila boksi ndizo zinazosumbua zaidi. Ikiendelea kugoma, fikiria lenzi. Kwa vumbi letu na unyevu huu wa bahari, lenzi hushika uchafu. Na ikiwa inachoma DVD lakini CD haitaki, usihangaike kubadilisha programu: CD huandikwa kwa leza ya nanomita 780 na DVD kwa 650, hivyo moja yaweza kufa nyingine ikabaki nzima. Wenye draivu ya nje, chomekeni waya kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio cha USB, kwani umeme wake huwa hautoshi.

Ile ya kukatikia njiani ni fupi. Hamishia mafaili kwenye kompyuta badala ya kuchoma moja kwa moja kutoka kwenye flashi, funga programu nyingine, na DVD iliyoandikwa kasi ya 16x ichome kwa 8x. Umeme ukikatika katikati na diski ni ya R (CD-R au DVD-R, za kuandikwa mara moja tu), hiyo imekwenda, haifutiki.

Jambo moja ambalo watu hulishangaa: kwenye CD, data iko chini kidogo tu ya upande wa maandishi. Mkwaruzo wa juu ni mbaya kuliko wa chini, kwa hiyo jina la bwana na bibi harusi liandikwe kwa maka pen laini, kalamu ya kawaida iache.

Ukija, njoo na diski iliyogoma pamoja na flashi yenye mafaili ya awali, na utuambie itachezwa kwenye deki gani. Kuchoma unasubiri hapo hapo. Draivu ya kompyuta ya mezani tunaifungua na kuisafisha lenzi. Ya laptopu hatuigusi, tunakuchomea hapa au unanunua ya nje.