Miaka ya kifungo isiongezwe bila tiba gerezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu majimbo ya Marekani yanayozidisha adhabu kwa wanaokutwa na dawa za kulevya. Wabunge wanabishana juu ya gramu na miaka, lakini ni wachache wanaouliza mfungwa huyo atakuwa katika hali gani siku atakapofunguliwa. Hapo ndipo wengi wanapofia.

Hasira za wananchi nazielewa. Novemba 2020 wapiga kura wa Oregon waliondoa kifungo kwa anayekutwa na kiasi kidogo. Badala yake akatozwa faini ya dola 100, na hata hiyo ilifutwa akipiga simu kufanyiwa tathmini ya afya. Waliopiga simu walikuwa wachache mno, fedha za tiba zikachelewa, na katikati ya Portland, jiji kubwa la jimbo hilo, watu wakawa wanavuta fentanili, dawa kali ya jamii ya afyuni inayotengenezwa maabara, mchana kweupe. Bunge la jimbo likabadili msimamo, na tangu Septemba 1, 2024 kukutwa na dawa hizo ni jinai tena, kifungo kikiweza kufika siku 180. Mzazi anayepita hapo na mwanawe kila asubuhi ana haki ya kudai hatua zichukuliwe.

Ila ukali huu si mgeni. New York mwaka 1973, chini ya Gavana Nelson Rockefeller, ilipitisha sheria iliyompa aliyekutwa na wakia 2 za heroini au kokeni, yaani gramu 57 hivi, kifungo kisichopungua miaka 15 na kinachoweza kufika maisha. Michigan ikafuata 1978: gramu 650 kwenda juu, maisha bila nafasi ya kuachiliwa mapema. Ronald Harmelin alikutwa na gramu 672 za kokeni. Hakuwa na rekodi ya kosa kubwa la jinai, lakini jaji hakuachiwa nafasi ya kulipima hilo, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiacha adhabu hiyo isimame. Baadaye gavana aliyetia saini sheria ile, William Milliken, alikiri hadharani kwamba hilo lilikuwa kosa baya kuliko yote katika uongozi wake. Michigan ililegeza sheria yake 1998, New York 2004 na tena 2009. Miaka yote hiyo magereza yalijaa, na dawa hazikuadimika mitaani.

Leo mizani imeshuka hadi gramu moja. Colorado mwaka 2022 ilifanya kuwa kosa kubwa la jinai kukutwa na zaidi ya gramu moja ya kitu chochote chenye fentanili. Kinachopimwa ni mchanganyiko wote, pamoja na unga wa kujazia. Kidonge bandia cha buluu chenye fentanili kina uzito wa karibu sehemu moja ya kumi ya gramu, kwa hiyo vidonge kumi na kitu mfukoni vinatosha kukuvusha mstari. Kiasi hicho ni akiba ya mraibu anayeogopa arosto. Papa wa biashara hii hatembei na vidonge kumi.

Tuseme basi amefungwa. Mwili uliozoea dozi kubwa huupoteza ule ustahimilivu baada ya muda bila dawa, lakini kiu haiondoki. Akitoka anarudia kipimo kilekile cha zamani, pumzi inapungua, midomo inageuka bluu, na kama hakuna wa kumpulizia puani naloksoni, dawa inayobatilisha nguvu ya afyuni mwilini, amekwisha. Watafiti waliofuatilia watu waliotoka magereza ya jimbo la Washington walichapisha matokeo yao mwaka 2007: katika wiki mbili za kwanza uwezekano wao wa kufa kwa kuzidisha dozi ulikuwa mara 129 ya watu wengine. Na hayo yalikuwa kabla ya fentanili kuenea, dawa yenye nguvu mara 50 ya heroini.

Kwa haki niseme kwamba sheria hiyohiyo ya Colorado ina kipengele ambacho hakikupewa vichwa vya habari: inataka jela zitoe tiba ya dawa kwa waraibu wa afyuni na kuwapa naloksoni wanapotoka. Hicho ndicho cha kuigwa kwanza. Methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa afyuni, zinajulikana, zinatuliza arosto na zinapunguza vifo. Kumnyima mtu tiba hiyo kwa sababu yuko kizuizini ni kumwongezea adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeisoma.

Ombi langu kwa gazeti lako, Mhariri, ni hili. Kila mbunge anayeleta muswada wa kuongeza miaka aulizwe kwa jina lake: ni jela ngapi katika jimbo lako zinazotoa methadoni au buprenofini leo, na mfungwa akifunguliwa usiku anatoka na nini mkononi? Majibu yao myachapishe kabla kura haijapigwa.

Ni mimi msomaji wako.