Kwa Askari Mnaolea Watoto wa Wenzenu

Wanangu,

Asalaam aleikum, na ninyi msio Waislamu pokeeni salamu za amani. Nawaandikia mlio jeshini na mliokwisha kuvua sare, hasa mliooa wajane wenye watoto au mnaofikiria kuoa. Wengi wenu mlikuwepo hapa Bombo, Uganda, tulipomzika sajini wetu. Mlisikia yaliyosemwa. Kila aliyesimama alitaja vita: alijiunga na NRA, jeshi la Museveni, mwaka 1986, akapigana kaskazini, akarudi na jeraha la risasi pajani. Ni kweli yote, na anastahili sifa hiyo. Lakini hakuna aliyetaja kwamba mzee yule alilea watoto watatu wasio wa damu yake mpaka wakawa watu wazima wenye nyumba zao, na kwamba hao watatu ndio waliokuwa wakipokezana zamu kitandani pake alipougua. Jambo hilo limeniuma, nami sitalinyamazia.

Baba yao alikuwa mwenzetu wa kikosi. Alifia kaskazini akaacha mjane kijana, na mtoto wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Mwaka 1993 sajini akapunguzwa jeshini. Wakubwa kati yenu mnaukumbuka upunguzaji ule: ulianza 1992, na ulipokwisha zaidi ya askari 36,000 walikuwa wamerudi uraiani, na fedha kidogo na mabati ya kuanzia maisha. Yeye mabati yake aliyapeleka kwa mjane yule, akaezeka nyumba yake iliyokuwa ikivuja. Posa ilikuja baadaye, tena kwa kupitia kwa wazee, kama inavyotakiwa. Mwenyewe alikuwa na watoto wawili wa ndoa ya kwanza, kwa hiyo nyumba ikawa ya watoto watano. Akapata kazi ya ulinzi wa usiku Kampala. Jioni anapanda teksi, asubuhi anarudi.

Kuna jambo moja nataka mlisikie vizuri. Januari 1997 serikali ilipoanzisha elimu ya msingi bila karo, ile ya UPE, ruhusa ilikuwa watoto wanne kwa kila familia. Yeye alikuwa na watano. Aliandikisha wale watatu kwanza, kisha binti yake. Kijana wake wa kumzaa akabaki nje ya orodha, akawa anamlipia karo kwa mshahara wa ulinzi, katika shule ileile. Ndugu zake walimjia juu. Mtu anawezaje kuwatanguliza watoto wa mwanamume mwingine? Nilikuwepo, na jibu lake sijalisahau: "Huyu wangu akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, atajua baba hana pesa. Hawa wakirudishwa hata siku moja, watadhani ni kwa sababu si wangu."

Yatafakarini maneno hayo. Mtoto aliyefiwa na baba ana masikio makali. Anapima kipande cha nyama, anapima sauti, anaangalia nani amenunuliwa viatu kwanza. Na kwa kuwa nimetaja viatu: kila Jumapili usiku, siku yake ya mapumziko, sajini aliwakalisha wote watano kwenye mkeka na kopo moja la kiwi. Kitambaa unakizungusha kidoleni, unagusisha maji kidogo, unasugua kwa duara ndogondogo mpaka ngozi ya kiatu ing'ae. Ndivyo tulivyofundishwa depo tukiwa makuruta. Kiatu cha huyu na cha yule vilikaguliwa na jicho lilelile, na aliyezembea alirudia, awe wa kumzaa au wa kumlea. Nimewahi kumkuta mmoja wa wale watatu, sasa mwalimu, akiwafundisha wanawe hivyohivyo.

Sauti ya kwata hakuiingiza ndani ya nyumba. Hili nawaambia kwa mkazo kwa sababu nawaona baadhi yenu: mnarudi kutoka lindoni, mnamfokea mtoto wa miaka sita kama mnamfokea kuruta, naye bado hajaamua kama anawapenda. Mwaka mzima wa kwanza sajini hakushika fimbo. Alimwachia mama yao kazi ya kukanya, yeye akajenga kuaminiwa kwanza. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mwana ambaye hukuilea mimba yake anataka subira mara mbili.

Tena hakushindana na marehemu. Picha ya baba yao ilibaki ukutani, amevaa magwanda, na jina lake lilibaki kwenye vyeti vya shule. Kila Idi sajini aliwapeleka kwa babu yao mzaa baba, akawasimulia mambo ya baba yao kikosini, jinsi alivyogawana mkebe wake wa maharage na wenziwe. Alitaka wajue walikotoka. Baadhi yenu mnatoa picha ukutani wiki ya kwanza. Zirudisheni.

Sasa la maandishi. Sheria ya Kiislamu haimhesabu mtoto wa kambo kuwa mrithi, ila inamruhusu mwenye mali kumwusia asiye mrithi hadi theluthi moja. Sajini aliandika wasia akiwa na afya yake, akawapa wale watatu kipande cha shamba kisichozidi kiwango hicho, wanawe wawili wakielezwa na kukubali. Nilikuwa mmoja wa mashahidi. Kwa ninyi wa dini nyingine, sheria ya nchi inataka sahihi yako mbele ya mashahidi wawili; tafuteni watu wasio na fungu katika mali hiyo. Na ninyi mnaopelekwa Somalia, kama wenzenu walivyoanza kwenda Machi 2007, hakikisheni watoto mnaowalea wametajwa katika kumbukumbu zenu za jeshi kabla ya kupanda ndege. Nimeona watoto wakifukuzwa na ukoo kabla tanga halijaanuliwa, mama amesimama barabarani na magodoro.

Kila Februari, siku ya Tarehe Sita, tunawakumbuka wapiganaji wetu walioshambulia kambi ya jeshi ya Kabamba tarehe hiyo mwaka 1981, na tunawaombea walioanguka vitani. Ni haki yao. Naomba tukiwataja waliofia vitani, tuwataje pia waliobaki wakawalea mayatima wao. Nitalisema hili kwenye mkutano wa maveterani, nanyi mniunge mkono.

Dua ya arubaini itasomwa nyumbani kwake Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Watoto wote watano watakuwepo, na wale watatu watazungumza. Safari hii nimewawekea nafasi mimi mwenyewe. Njooni na wake zenu, na watoto mnaowalea.

Wenu,
Mzee wa kikosi, Bombo