Shangazi, niandike namba gani kwenye kile kisanduku?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Leipzig, Ujerumani, saa nne na nusu usiku, kompyuta iko mbele yangu na fomu ya kuomba kazi imefunguka. Nimejaza kila kitu: jina, elimu, uzoefu, lugha, hata ile sehemu ya kueleza kwa nini naipenda sana kampuni ambayo wiki mbili zilizopita sikujua kama ipo. Kimebaki kisanduku kimoja. Kimeandikwa Gehaltsvorstellung, yaani mshahara unaoutarajia, kwa euro na kwa mwaka. Nilijaribu kukiruka, fomu ikagoma. Nikaandika "tutaelewana", kikawa chekundu, kumbe kinapokea tarakimu tu. Nikaweka 42,000, nikafuta. Nikaweka 55,000, nikacheka peke yangu, nikafuta tena. Fomu inafungwa mwisho wa mwezi huu wa Novemba 2025, ndiyo maana nakuomba unijibu mapema.

Najua wapo watakaosema binti huyu ana shida za walioshiba. Nivumilie, maana kisanduku hiki hiki kimeshanitia hasara mara moja.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Mama yangu anauza mitumba tangu nikiwa darasa la pili. Jumamosi nilikuwa nakaa naye robota likifunguliwa, nikimwangalia anavyofanya kazi yake. Mteja anashika blauzi, anaigeuza, anauliza bei. Mama haangalii blauzi, anamwangalia mtu. Anasema elfu 15. Mteja anaruka, anataja elfu 5, anaondoka hatua tatu, anarudi. Wanamalizana kwa elfu 9 na kila mmoja ameridhika. Nimekulia katikati ya maneno hayo, Shangazi, na bado nilipoulizwa bei ya kazi yangu mwenyewe, ulimi uliganda.

Ilikuwa 2023. Nilikuwa nimekuja 2020 kusoma shahada ya uzamili, nimemaliza, na mhitimu wa chuo cha hapa hupewa miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Mitano ilikuwa imekwisha. Nikaitwa kwenye usaili wa mchambuzi wa akaunti katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo. Mwishoni dada wa rasilimali watu akaniuliza kwa upole natarajia kiasi gani. Kichwani nilishapiga hesabu usiku uliopita, kosa langu nikaipiga kwa shilingi. Euro 36,000 kwa mwaka, nikaigeuza, ikanipa zaidi ya milioni 90. Milioni 90! Mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari hajawahi kuziona. Nikaitaja ile namba kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi.

Akaandika kwenye karatasi, akasema, "Das passt." Inafaa. Hakuvuta pumzi wala kukunja uso. Mimi nikatoka pale nikiruka, nikampigia mama. Mama akauliza swali moja tu: "Alikubali upesi?" Nikasema ndiyo, papo hapo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mwanangu umeitaja bei ya mwisho kama bei ya kwanza."

Sikumwelewa mpaka hati ya kwanza ya mshahara ilipotoka. Ile namba inayotajwa hapa ni ya mwaka mzima, tena kabla ya makato. Leo nalipwa 3,200 kwa mwezi na mkononi inabaki kama 2,150. Inakatwa kodi, pensheni asilimia 9.3, bima ya kukosa kazi 1.3, bima ya afya, na bima ya kuhudumiwa uzeeni. Hiyo ya mwisho inanichekesha na kunikera. Asiye na mtoto akishapita miaka 23 anaongezewa asilimia 0.6. Halafu jimbo letu la Saksonia ndilo pekee lililobakiza sikukuu moja ya kidini ya Jumatano katikati ya Novemba, na kwa sababu hiyo wafanyakazi wa huku wanabeba nusu asilimia zaidi kuliko wenzao wa majimbo mengine. Kwa hiyo kila mwezi nalipia sikukuu ya siku moja, na nalipia kutokuwa na mtoto, jambo ambalo mama hunikumbusha bure.

Hata hivyo nilijiambia, vumilia, ni mwanzo. Kazi yenyewe naipenda. Nashika akaunti za wadaiwa na wadai, nalinganisha vitabu vyetu na taarifa za benki, natafuta zile senti 40 zilizopotea kati ya ankara mbili, na kila mwezi tunafunga hesabu tukikimbizana na tarehe 10 ya kupeleka ritani ya VAT. Januari mwaka huu nikajikaza, nikaomba nyongeza. Nikapewa euro 200 kwa mwezi, nikashukuru.

Machi akaja kijana mpya, nitamwita M. Tunafanya kazi moja, meza zinatazamana. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kumfundisha. Ofisi aliyotoka ilitumia orodha nyingine ya akaunti, kwa hiyo wiki mbili nzima alikuwa anaiandika benki kwenye akaunti namba 1800, nami nakwenda nyuma yake nikirudisha kwenye 1200. Simsemi vibaya, ni kijana mzuri na sasa amezoea.

Sasa Wajerumani, Shangazi, mtu atakueleza ugonjwa wake wa mgongo kwa dakika 20 bila kuulizwa, lakini mshahara wake hakwambii. Ila M. siku moja mwezi wa tisa, tukisubiri kahawa jikoni, aliniuliza kwa sauti ya chini kama naona anaibiwa. Rafiki yake yuko Munich, anapata zaidi. Yeye aliomba 48,000, wakampa 46,000.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikamwambia, "Kwa Leipzig nadhani ni sawa." Nikarudi mezani nikafungua kikokotoo, kana kwamba 46,000 kutoa 38,400 ni hesabu ya kuhitaji kikokotoo. Ni 7,600. Zaidi ya euro 630 kila mwezi kabla ya makato, na analalamika.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa mkuu wangu. Sikumtaja M., nilisema tu nimeona soko linalipa zaidi kwa kazi hii. Akanisikiliza vizuri, akatabasamu, akasema, "Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyetaja." Kisha akasema bajeti ya mwaka imeshafungwa, tutazungumza mwakani. Maneno hayo yamenikaa kooni mpaka leo, kwa sababu ni ya kweli.

Nimesoma, usidhani nimekaa tu. Tarehe 16 Februari 2023 Mahakama ya Kazi ya Shirikisho, iliyoko Erfurt, iliamua kesi ya mwanamke wa jimbo hili hili la Saksonia aliyekuwa analipwa chini ya mwanamume wa kazi ileile. Mwajiri alijitetea kwamba yule mwanamume alijadiliana vizuri zaidi. Mahakama ikasema kujua kujadiliana peke yake si sababu ya kumlipa mwanamume zaidi, ikampa mama yule malimbikizo ya kama euro 14,500 na fidia ya 2,000. Niliposoma nilisimama, Shangazi. Halafu nikakaa. Kwenda mahakamani na mwajiri ambaye kesho asubuhi ninamwambia habari za asubuhi ni jambo jingine. Na ushahidi wangu ni maneno ya M. kwenye mashine ya kahawa. Nikimtaja, nimemchoma mtu aliyeniamini. Ipo pia sheria ya 2017 inayompa mfanyakazi haki ya kuuliza wenzake wa jinsia nyingine wanalipwa kiasi gani kwa kazi inayofanana, ila ni kwa sehemu za kazi zenye watu zaidi ya 200. Sisi hatufiki 160.

Ndipo nikaanza kutafuta kwingine, na ndiyo hii fomu. Kampuni iko Frankfurt, kazi ni ileile ila wanataka mtu anayejua pia viwango vya kimataifa vya hesabu, ambavyo mimi nilivisoma Dar kabla hata sijajua Ujerumani iko upande gani wa Poland. Kwa hilo najua nina uzito. Tatizo ni namba.

Nimeuliza watu, na kila mtu ana yake. Rafiki yangu wa Kisumu ni muuguzi katika hospitali ya umma. Ananishangaa, kwa sababu mshahara wake umo kwenye jedwali lililokubaliwa na chama cha wafanyakazi: ngazi yako hii, miaka yako hii, chukua namba yako. Hajawahi kuulizwa anajiona ana thamani gani, na namwonea wivu kwa hilo kuliko kwa mshahara wenyewe. Kaka mmoja wa Lubumbashi anayefanya kazi za kompyuta anasema niweke 58,000 bila kupepesa, "wenyewe watashusha." Jirani yangu, mzee Mjerumani mstaafu, anasema mtu mstaarabu anaomba asilimia 10 juu ya anachopata sasa. Asilimia 10 juu ya 38,400 ni 42,240, yaani baada ya kuhama mji, kulipa kodi ya nyumba ya Frankfurt na kuanza upya, bado niko chini ya M.

Idara ya Ajira ya serikali nayo ina atlasi ya mishahara, Entgeltatlas, unachagua kazi, umri na mkoa inakuonyesha watu wa katikati wanapata nini. Nimecheza nayo mpaka usiku. Ukibonyeza Saksonia namba inashuka, ukibonyeza Hessen, jimbo la Frankfurt, inapanda, kazi ileile, mkono uleule. Nilichokipata humo ni kwamba 36,000 yangu ilikuwa aibu hata kwa huku mashariki.

Mwenyewe nimeng'ang'ania 48,300. Ndicho kiwango cha chini cha mshahara cha mwaka 2025 cha kupata ile Kadi ya Buluu ya Ulaya, kibali cha wasomi wa kutoka nje ya Ulaya, kwa njia ya kawaida. Sababu yangu ni ya kitoto kidogo: ni namba iliyotajwa na serikali yao, siyo na mimi. Nikiulizwa nimeitoa wapi nina pa kuelekeza kidole. Lakini nasikia sauti ya mama ikiniuliza, je, hiyo ni bei ya kwanza au ya mwisho?

Hapo ndipo ninapokwama hasa. Ngamiani kila mtu anajua elfu 15 ni mchezo. Hapa sijui kama wanacheza. Mara ya kwanza nilitaja, wakaichukua namba kama ilivyo, hawakuomba hata kuishika. Nikiweka 54,000 ili tumalizane kwa 49,000, watacheza nami, au mashine itanitupa nje kabla binadamu hajasoma jina langu?

Lingine. Juzi wakala wa kampuni ile alinipigia, katikati ya mazungumzo akauliza, "Na sasa unapata kiasi gani?" Nikajifanya mtandao unakatika. Umoja wa Ulaya ulishapitisha agizo mwaka 2023 la kukataza swali hilo na kumtaka mwajiri aseme yeye kwanza analipa kuanzia ngapi mpaka ngapi, lakini nchi wanachama zilipewa mpaka tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Halitaniwahi. Atapiga tena Jumatatu, na mtandao hauwezi kukatika kila siku.

Nikuongezee mzigo mmoja wa mwisho. Septemba nilitimiza miezi 24 ya kazi na ya kuchangia pensheni, kwa hiyo Oktoba nikaomba kibali cha kukaa moja kwa moja. Faili liko ofisini kwao. Rafiki wa Kisumu ananionya nisihame sasa, maana kazi mpya ni miezi 6 ya majaribio na wakati huo unaweza kuachishwa kwa taarifa ya wiki mbili. Kaka wa Lubumbashi anasema nikisubiri karatasi ndipo nidai haki yangu, nitasubiri maisha yote, maana karatasi haziishi.

Basi naomba unijibu haya. Niandike ngapi? Wakala akiuliza ninacholipwa sasa, niseme ukweli, nikatae, au nitaje ninachotaka kana kwamba sikusikia swali? Na kabla ya kutuma, nirudi kwa mkuu wangu nimwambie wazi kwamba najua kuna mtu anapata zaidi, bila kumtaja M., au nitakuwa nimejifungia mlango kabla sijafungua mwingine? Wasomaji wanaofanya kazi za hesabu huku Ulaya nao waniambie walitaja nini na wakapewa nini. Namba kamili, tafadhali, kabla ya makato. Habari za "inategemea" nimeshazisikia za kutosha.

Na kama kuna ndugu zangu wanasoma hapa: baba mdogo, ile 3,000 niliyokutajia mwaka juzi ilikuwa kabla ya makato. Tofali nitatuma, lakini siyo lori zima.

Wako mtiifu,
Binti wa Mitumba, Leipzig