Spea iandikwe namba kabla mteja hajalipa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo linalowagusa Watanzania wengi tunaoishi ughaibuni huku magari yetu yakibaki nyumbani, yakitumiwa na wazazi na ndugu. Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, nafanya kazi California, Marekani, na gari la familia liko Mbeya mjini chini ya uangalizi wa mdogo wangu. Rai yangu ni kwamba wakala wa magari au gereji yoyote isiruhusiwe kupokea fedha ya spea kabla ya kumwandikia mteja namba ya spea hiyo, namba ya chesisi ya gari linalofungiwa, na kama spea yenyewe ni mpya halisi, ya mtumba au ya kuigiza. Na kwamba spea iliyotolewa irudishwe mikononi mwa mwenye gari.

Mwanzoni mwa mwaka huu taa ya ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapokanyaga breki ghafla, iliwaka kwenye dashibodi ya gari letu na haikuzimika. Kwa mtu wa Mbeya hilo si la kupuuza, maana mdogo wangu hushuka mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi karibu kila siku, akiwa katikati ya malori yanayoelekea Tunduma. Gari likapelekwa kwenye karakana moja inayojitangaza kuwa ya wakala, ambayo siitaji kwa kuwa madai yetu nayo hayajaisha. Wakalipima kwa mashine, wakasema ABS imekufa yote na haina matengenezo. Ankara ikanifikia kwa WhatsApp saa sita usiku wa huku, Mbeya ikiwa asubuhi, ikiwa na mstari mmoja tu: "ABS kamili, 1, shilingi 1,800,000," na chini yake ujumbe kwamba nikilipa mara moja mzigo utatoka Dar es Salaam kwa basi la usiku huo huo. Fedha ikatumwa, gari likatoka, na taa ikakaa kimya kwa muda mfupi kabla ya kuwaka tena.

Safari hii mdogo wangu alilipeleka kwa fundi wa mtaani pale Soweto. Yule bwana aliinua gurudumu la mbele kushoto kwa jeki, akaufuata waya wa sensa, kile kifaa kinachopima mwendo wa gurudumu, kwa vidole hadi alipokuta umekatika ndani ya mpira wake na kuungwa juu juu kwa tepu ya umeme. Kisha akafungua boneti, wakanipigia simu ya video, nikaoneshwa ile ABS tuliyoambiwa ni mpya: imejaa vumbi la miaka, mabomba yake yameota kutu palepale yanapoungana, na boliti zake zina rangi ya kiwandani isiyokwaruzwa na spana. Tulipoiomba karakana itupe ile iliyotolewa, tulijibiwa kuwa vyuma vya zamani hutupwa. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, tulipewa, na kwa Mamlaka ya Mapato hesabu imekaa sawa. Lakini risiti hiyo inathibitisha kwamba fedha imepokelewa, haithibitishi kwamba kitu kimefungwa.

Ninakoishi, gereji haiaminiwi kwa sura yake. Tangu mwaka 1971 jimbo la California lina sheria ya matengenezo ya magari, na chini yake kuna ofisi maalumu ya serikali inayosajili gereji na kupokea malalamiko. Sheria hiyo inalazimisha mteja apewe makadirio ya maandishi kabla ya kazi kuanza. Gharama ikizidi makadirio ni lazima akubali kwanza. Ankara itaje kama spea ni ya mtumba au imefanyiwa ukarabati. Na mteja akiomba wakati wa kuacha gari, spea ya zamani arudishiwe. Iwapo spea hiyo inatakiwa kurudi kiwandani kwa sababu ya waranti, basi walau aoneshwe. Mafundi wa huku ni binadamu kama wengine na wapo wajanja, ila mjanja huyo anajua kwamba kipande cha chuma kitaombwa.

Wapo watakaosema kwamba magari yetu ni ya mtumba kutoka Japani na mambo ya namba ni ya magari mapya. Ukweli ni kinyume chake. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani halina ile namba ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Lina namba fupi inayoanza na msimbo wa modeli, na msimbo huo unaeleza mengi. NZT240, ZZT240 na AZT240 zote ni Toyota Premio au Allion za umbo lile lile, lakini ya kwanza ina injini ya CC 1,500, ya pili CC 1,800, na ya tatu CC 2,000 yenye mfumo wa D-4 wa kuingiza petroli moja kwa moja kwenye silinda, ambao mafundi wetu wanaujua kwa usumbufu wake. Anayeagiza spea kwa kusema tu "ya Premio" anacheza bahati nasibu kwa fedha ya mtu mwingine. Spea nazo zina namba zake: kwa Toyota, 04465 ni mwanzo wa namba za padi za breki za mbele na 04466 ni za nyuma, na zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari. Namba ya chesisi imeandikwa kwenye kadi ya gari, na imegongwa kwenye mwili wa gari lenyewe. Kuinakili hakuchukui dakika mbili.

Sisi tulio mbali ndio tunaoihitaji namba ya spea zaidi. Nilipojaribu kununua sensa huku ili niitume, muuzaji wa kaunta alitaka namba ya tarakimu 17. Nilipompa ya Kijapani kompyuta yake iliikataa, na modeli yenyewe haijapata kuuzwa Marekani. Zipo zinazofanana, kwa mfano Harrier ya kwanza ni ndugu wa Lexus RX, lakini usukani wa huku uko kushoto, kwa hiyo kila kinachohusiana na usukani au dashibodi hakifai. Mwenye namba kamili ya spea haulizwi gari ni gani. Anaipeleka kwa muuzaji wa Japani, Dubai au Kariakoo, analinganisha bei tatu, kisha anaamua. Asiye nayo analipa bei anayotajiwa.

Kwa mawakala wenyewe nina neno la ziada. Naelewa wanaposema kwamba gari ambalo hawakuliuza wao hawawajibiki nalo, na si haki kuwadai waranti ya gari lililoshushwa bandarini na mtu mwingine. Lakini kuitazama namba ya chesisi kama gari limeitwa kurudi kiwandani kwa kasoro ya usalama ni suala lingine. Eabegi, yaani mifuko ya hewa ya kumkinga mtu kwenye ajali, za Takata, kampuni ya Kijapani iliyoomba kinga ya mufilisi Juni 2017, zilisababisha wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari, takriban eabegi milioni 67 kwa Marekani pekee, kwa sababu kemikali ya amoniamu naitreti iliyomo huharibika inapokaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, na siku ya ajali kopo lake hupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Ziliwekwa kwenye magari ya kampuni nyingi, na magari ya umri huo ndiyo yanayotembea Mwanjelwa na Kabwe hivi sasa. Gari linalokaa Kyela, kwenye joto la ziwani, ningelishuku mapema kuliko la Mbeya mjini. Watengenezaji wa Japani wanazo kurasa za mtandaoni za kuingiza namba ya chesisi na kupata jibu, ingawa nyingi ni za Kijapani. Kuagiza eabegi mwenyewe kwa ndege ni taabu, kwa sababu inahesabiwa kuwa bidhaa ya hatari. Kwa hiyo wakala anayelipokea gari kwa sevisi, akalitoza, bila kuitazama namba hiyo, amemnyima mteja taarifa ambayo ni yeye aliye na nafasi nzuri ya kuipata.

Nisieleweke kwamba nawapigia debe watu wa spea mpya. Spea ya mtumba iliyovuliwa kwenye gari la Japani naiheshimu kuliko feki iliyofungwa kwenye boksi linalong'aa, na fundi wa Soweto aliyetumia vidole vyake alitusaidia kuliko mashine ya wale wengine. Ninachodai ni iandikwe kwamba ni ya mtumba na ilipiwe bei ya mtumba.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ina mamlaka juu ya udanganyifu wa kibiashara. Naiomba Tume, kwa kushirikiana na Shirika la Viwango, itoe fomu moja fupi ya makadirio ambayo kila gereji inayotoa risiti ya EFD italazimika kuijaza, ikiwa na nafasi ya namba ya chesisi, namba ya spea, hali ya spea, bei ya spea ikitengwa na ufundi, na sahihi ya mteja au ndugu anayemwakilisha. Ianze kwa karakana za mawakala, ambao wana kompyuta na hawana kisingizio. Mafundi wa mitaani wapewe muda na fomu hizo bure. Ndugu anayemwakilisha mtu wa ughaibuni atambuliwe kwenye fomu, kwa kuwa karakana yetu ilikataa kuzungumza na mdogo wangu ikidai mteja ni mimi niliyelipa, na nilipopiga mimi ikadai mteja ni yeye aliyeleta gari.

Mzaliwa wa Tukuyu,
California, Marekani